Safari ya Boti Hori la Mida, Watamu: Angalia Maji Kabla ya Tarehe

Kwa anayetaka kuona jinsi pwani inavyoishi, safari ya boti ndani ya hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ni miongoni mwa safari bora za elimu katika mwambao wa Kenya. Ndege wahamiaji, kasa, kaa, mikoko ya aina nyingi, vyote viko mahali pamoja na vinaonekana kwa karibu. Ila nahodha yule yule, boti lile lile na bei ile ile vinaweza kukupa siku ya kukumbukwa leo, na kesho vikakupa saa mbili za kutazama tope kwa mbali. Kinachobadilika ni maji. Wageni wengi wanaolalamika kwamba Mida "haina kitu" walipelekwa saa isiyofaa, na wakati wa kulipa hakuna aliyewaambia.

Hori lenyewe liko Kaunti ya Kilifi, kusini kidogo ya mji wa Watamu, takriban kilomita 100 kaskazini ya Mombasa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 32 hivi, na limo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu linalosimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wa magharibi, ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakueleza mapema jambo linalokosewa na wengi: hakuna mto unaoingia humu. Maji matamu yanatoka kwenye mvua, na mengine yanachuruzika chini kwa chini kupitia mawe ya matumbawe. Ndiyo sababu Mida haina maji mekundu kama yale ya mlango wa mto Sabaki kule Malindi. Mwanga unafika chini, majani ya bahari yanaota mpaka ndani ya hori, na kasa wanayafuata.

Maji

Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hupanda kufikia mita 3.5 na kushuka chini ya nusu mita. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu. Bamvua likipwa, sehemu kubwa ya Mida inabaki tope tupu, na boti lina mikondo michache tu ya kupita.

Jambo la kufurahisha kwa mpangaji wa safari ni kwamba bamvua la pwani hii lina saa zake. Hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: kujaa kunakuja katikati ya asubuhi. Kwa hiyo ukijua mwezi uko wapi, umeshajua nusu ya unachohitaji. Jedwali la maji la Kilindini litakupa dakika kamili, ila kumbuka kwamba maji huchelewa kufika ndani kabisa ya hori ukilinganisha na mlangoni.

Saa nzuri kuliko zote ni maji yanapojaa, kuanzia kama saa mbili na nusu kabla ya kilele. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika kwenye tope lote, kila mmoja akitafuta chakula chake mbali na wewe. Yanapoanza kupanda, tope linapungua, na ndege wanasogezwa hatua kwa hatua kuelekea kwenye mafungu ya mchanga na tope yaliyobaki na kingo za mikoko. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi wanakuwa wamesongamana, bado wanakula, na mkondo una kina cha kutosha kwa boti kukaribia bila kelele. Maji yakishafika kilele, wengi wanakuwa wamekwenda kupumzika na shughuli imekwisha.

Kwa hiyo siku ya bamvua ondoka saa nane au saa nane u nusu mchana. Utawakuta ndege wakisogezwa, utapita katikati ya mikoko maji yakiwa juu, na utarudi jua likizama maji yakiwa bado yanatosha. Siku ya maji mafu ondoka saa mbili asubuhi, ukijua kwamba ndege hawatasongamana sana. Maji huwa yametulia zaidi, na hiyo ndiyo siku ya kutafuta kasa.

Anayekuuzia safari ya saa nne asubuhi siku ya bamvua anakuuzia hori lililokauka. Hatari yake si kukosa ndege tu. Boti likipanda fungu maji yakiwa yanapwa, kulisukuma ni kazi bure, kwa kuwa tope la Mida linameza mguu hadi goti na kila dakika inayopita maji yanazidi kukukimbia. Likikwama katikati ya kupwa, maji ya kimo kile kile hurudi baada ya kama saa sita. Nahodha mzoefu anaingia na maji yanayojaa ili kosa lolote lirekebishwe na maji yenyewe.

Boti la aina gani

Safari zinauzwa kwa namna mbili kubwa, na tofauti yake ni kubwa kuliko matangazo yanavyoonyesha.

Ya kwanza ni boti la mashine kutoka ufuo wa Watamu, mara nyingi lenye kioo sakafuni. Kawaida linaanzia kwenye matumbawe ya hifadhi kwa ajili ya kuogelea, kisha linaingia Mida kama nyongeza. Kwa familia yenye watoto wanaotaka kuona samaki, linafaa. Mlangoni mwa hori kuna mapango yanayokaa chewa wakubwa sana, na mkondo wa pale siku za bamvua ni mkali. Usikubali kushuka kuogelea pale bila mtu anayejua dakika ya maji kutulia. Ubaya wake kwa elimu ni mashine. Ndege wanainua vichwa boti likiwa bado mbali, na mwongozaji analazimika kupaza sauti mpaka husikii kingine. Isitoshe, rafadha ikipita kwenye maji madogo inakata majani ya bahari, na kovu la namna hiyo huchukua miaka kufunga.

Ya pili ni mtumbwi au boti dogo linalosukumwa kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia) na kasia, kutoka upande wa vijiji vya Mida na Dabaso, likiongozwa na vijana wa vikundi vya jamii. Haliendi mbali. Haliendi haraka. Lakini linaelea kwenye maji ya kina cha goti, linaingia vijito vya mikoko visivyopitika kwa mashine, na likisimama linasimama kweli. Kama lengo ni kujifunza, chagua hili bila kusita. Watu wanne pamoja na mwongozaji ni idadi nzuri. Wakizidi sita, wa nyuma hasikii chochote.

Njia ya kati ni boti la mashine ambalo nahodha anakubali kuizima mara tu anapofika kwenye mafungu, kisha anatumia upondo. Kubaliana naye kabla ya kupanda. Ukimwomba mkiwa tayari ndani, huenda hata upondo hakubeba.

Kinachoonekana

Nyota wa Mida ni ndege mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la kisayansi. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa ndege wa ukoo wake. Mdomo ule ni chombo cha kazi. Mtazame akiwinda: anatembea hatua chache, anasimama kimya, anachomoka mbio fupi, ananyakua kaa. Kaa mdogo anamezwa mzima. Mkubwa anapigwapigwa na kutikiswa mpaka miguu na magando yanang'oka, ndipo kiwiliwili kinamezwa. Huzaliana kwenye fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na kandokando ya Bara Arabu, ndani ya mashimo anayochimba mwenyewe, na kwa kawaida hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga ndilo linalosaidia kuliatamia, jambo la nadra kwa jamaa zake. Kifaranga akikua anasafiri na wazazi hadi huku, na bado utamwona, rangi yake ikiwa ya kijivu zaidi, akimfuata mkubwa na kumlilia chakula. Mwongozaji akikuonyesha hilo, umepata thamani ya pesa yako.

Kando ya mla kaa kuna vitwitwi, ndege wa kando ya maji, wa aina nyingi, na hapa ndipo waongozaji wanapopimwa. Wa kawaida atasema "hao ni vitwitwi" na kusonga mbele. Mzuri atakutenganishia. Sululu anatambulika kwa mdomo mrefu uliopinda chini, anaoingiza kwenye shimo la kaa. Yuko mdogo mwenye miguu ya rangi ya machungwa na mdomo uliopinda juu, anayekimbia ameinama kana kwamba anafukuzwa. Huyo ni Xenus cinereus, na Mida ni mahali pazuri pa kumwona. Kisha kuna wale wadogo wenye mdomo mfupi na macho makubwa, wanaokimbia, wanasimama, wanadona. Wanatafuta chakula kwa macho, ilhali wenye midomo mirefu wanapapasa ndani ya tope. Ukielewa tofauti hiyo moja, utaelewa kwa nini aina nyingi hivyo zinakula kwenye fungu moja bila kunyang'anyana.

Mikoko nayo ina mpangilio wake, na boti ndilo darasa lake kwa sababu linakupitisha kutoka baharini kwenda nchi kavu. Mbele kabisa, inayopigwa na maji, ni mililana, yenye mizizi minene iliyochongoka kwenda juu. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Muia una mizizi iliyokunjika mithili ya magoti, mkandaa ni mdogo na gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi na kutengeneza ngozi, na mkomafi unatambulika kwa tunda la duara lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mchu unapatikana mbele na nyuma pia, kwa kuwa unavumilia chumvi kuliko mingine. Mwambie mwongozaji akuchumie jani moja la mchu, uligeuze na kulilamba chini: utapata chumvi, kwa sababu mti huu unaivuta kisha unaitoa kupitia majani. Mkoko haufanyi hivyo. Sehemu kubwa ya chumvi unaizuia mizizini. Hilo ni jaribio la nusu dakika, na watoto wa shule hawalisahau.

Jaribio la pili ni la tope. Ukichota kwa kidole, juu ni la kahawia na sentimita chache chini ni jeusi lenye harufu ya yai viza. Humo hakuna hewa. Ndiyo sababu mizizi inachomoza juu, na ndiyo sababu mashimo ya kaa ni muhimu: yanapitisha maji na hewa mpaka chini. Tazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Ni madume, na lile gando wanalipunga kuita majike na kutishia wenzao. Jike ana magando mawili madogo na anakula kwa kasi maradufu.

Kasa huonekana kwa sekunde chache tu, kichwa kikichomoza kuvuta pumzi kisha kikazama. Wengi humu ni wadogo, waliokuja kula majani ya bahari. Kaeni kimya juu ya bustani ya majani mashine ikiwa imezimwa na mtamwona. Kumfukuza kwa boti hakujawahi kumfanya kasa yeyote apande juu. Na kati ya Novemba na Machi, jua likizama, makundi ya ndege aina ya keremkerem wekundu huingia kulala kwenye mikoko. Mwombe nahodha asubiri hadi wakati huo; wengine hugeuza boti saa kumi na mbili kamili na kukukosesha.

Yanayoharibu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuwarusha ndege ili mgeni apige picha. Ndege aliyekuja kulala au kula humu anaweka akiba ya mafuta kwa ajili ya safari ya Aprili ya kurudi kaskazini, na kila anaporushwa anaitumia akiba ile. Dalili ziko wazi: kwanza wanaacha kula na kuinua vichwa, kisha wanaanza kutembea kwenda mbali, halafu wanaruka. Boti lisimame kwenye dalili ya kwanza. Kwa kundi lililopumzika, mita 50 ni karibu ya kutosha; aliye na darubini hana sababu ya kulikaribia zaidi. Kama mwongozaji anapiga makofi ili waruke, mwambie aache. Mgeni ndiye anayelipa, na neno lake linasikika.

Kosa la pili lina nia njema: kupanda mikoko. Safari nyingi za shule na makampuni huongeza shughuli hii, na mara nyingi miche inachomekwa kwenye tope lililo wazi mbele ya msitu kwa sababu pana nafasi na picha inatoka vizuri. Pale hapakuwa na msitu kwa sababu maji yanafunika kwa muda mrefu mno. Miche mingi inang'olewa au kufa, na ikipona imechukua uwanja ambao vitwitwi wanakula. Mahali pa kupanda ni pale palipokatwa miti, ndani ya msitu, na kwa aina iliyokuwapo. Mbegu ya mkoko inayofaa ni ndefu, imekomaa juu ya mti, na ina shingo ya manjano pale inapoachana na tunda. Ya kijani kibichi iliyochumwa kwa nguvu haifai. Inaingizwa ncha chini, theluthi moja tu ndani ya tope. Uliza pia nani atakayerudi kuihesabu baada ya mwaka. Jibu likikosekana, ni bora kutumia muda huo kutazama.

La tatu ni maelezo yasiyotosha. Baadhi ya manahodha ni mabaharia hodari wasiojua ndege, na hilo si aibu yao, ila basi safari isiuzwe kama ya elimu bila mwongozaji wa pili. Kabla ya kulipa uliza aina tatu za ndege utakazoziona mwezi huo na jinsi ya kuzitofautisha. Dakika moja ya jibu inatosha kuamua.

Msimu, vifaa na malipo

Ndege wahamiaji wanaanza kuingia Agosti na Septemba na wengi wanaondoka Aprili. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndipo hori limejaa ndege, na kaskazi ya Desemba hadi Machi huleta bahari tulivu na maji safi. Kusi likianza kuvuma na masika kuingia, mlango wa hori unachafuka na anga halitabiriki. Katikati ya mwaka utakuta vitwitwi wachache tu, hasa wachanga ambao hawajarudi kuzaliana. Mikoko na kaa wapo mwaka mzima, kwa hiyo darasa la shule la mwezi wa Juni halipotei, lipange tu kwa mtumbwi upande wa ndani.

Darubini ya 8x42 inafaa kuliko ya 10x42, kwa sababu boti linayumba na kila mtetemo unakuzwa. Vaa viatu vya kufungwa vinavyoweza kulowa. Kandambili zinabaki kwenye tope, na magome ya chaza kwenye mizizi yanakata nyayo vibaya. Kofia yenye kamba, nguo za rangi iliyopoa, maji ya kunywa kwenye chupa ya kudumu. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi ya Kenya tangu Juni 2020. Jua la mchana linapoelekea magharibi, boti likae upande wa magharibi wa kundi, la sivyo utaona vivuli vyeusi tu.

Jaketi la kuokolea liwe la kila mtu, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. La mtu mzima linamponyoka mtoto kichwani akianguka majini. Boti la abiria linatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Omba kuiona.

Tiketi ya KWS hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na viwango ni tofauti kwa raia, mkaazi na mgeni, hivyo uliza waziwazi kama bei uliyotajiwa ina tiketi ndani yake. Bei ya boti la mashine kwa kawaida ni ya boti zima, na ya mtumbwi ni kwa kichwa. Ukitumia njia ya vijiji, ongeza matembezi kwenye daraja la mbao linaloning'inia, urefu wa mita 260 hivi, linalopita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Mapato yake husaidia karo za watoto wa shule wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke. Liko ukingo wa magharibi, kwa hiyo alasiri jua linakuwa mgongoni mwako na ndege wanakuwa mbele. Shule yenye wanafunzi wengi igawe makundi mawili, moja darajani na jingine majini, na yabadilishane saa moja kabla ya maji kufika kilele; wakichelewa zaidi ya hapo, kundi la pili litakuta fungu limefunikwa na ndege wameondoka.